Uzoefu wangu na journalctl: kuchuja logi kwa uzito wa ujumbe

Natunza seva ya duka moja la jumla hapa Wete, Pemba. Ni kompyuta ya mezani yenye Linux, imewekwa chumba cha nyuma baina ya magunia ya mchele na maboksi ya sabuni, na ndiyo inayoshika mauzo na madeni yote. Msimu wa karafuu ukiingia haipumziki, maana watu wana fedha mkononi, wanakuja kulipa madeni na kuchukua vitu vipya.

Msimu uliopita ikaanza kuganda kila baada ya adhuhuri. Mwenye duka akanipigia simu: "Mwanangu, mashine imelala tena, na watu wamejaa." Nikadhani ni umeme, kwani siku zile ulikuwa ukikatika na kurudi. Nikafungua logi nzima, yaani kumbukumbu ya matukio ya mashine, nikaanza kuisoma. Maelfu ya mistari: huduma fulani imeanza, fulani ameingia, saa imesawazishwa. Nilisoma mpaka adhana ya laasiri na sikuona kitu.

Ndipo nikaandika journalctl -b -p err. journalctl ni amri ya kusoma logi ya Linux; -b ni kuanzia mashine ilipowashwa mara ya mwisho, na -p huchuja kwa uzito wa ujumbe, hapa err, yaani makosa. Ikabaki mistari kumi na mmoja tu, yote myekundu, na tisa kati yake ilisema jambo lile lile: I/O error, dev sda, yaani kosa la kusoma au kuandika kwenye diski, kisha namba ya sekta. Diski ilikuwa inakufa. Nikanakili kwanza daftari lote la madeni, kisha nikaweka diski mpya, na kuganda kukaisha siku hiyo hiyo.

Mpangilio wenyewe wa uzito ni wa zamani. Umetoka kwenye syslog, mfumo wa kuandika logi ambao Eric Allman aliuanzisha miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Madaraja ni manane: emerg ni 0, halafu alert, crit, err, warning, notice, info, mpaka debug ambayo ni 7. Namba ikipungua, hatari inazidi. Kwa hiyo ukiandika -p err hupati err peke yake, unapata 3, 2, 1 na 0 kwa pamoja, na hivyo ndivyo unavyotaka unapotafuta ugonjwa.

Sasa nieleze lililoniuma. Nilikuwa na skripti ya kunakili data kila usiku kwenye flashi, inaendeshwa na systemd, programu ya Linux inayoanzisha na kusimamia huduma. Kila asubuhi nachuja kwa err, naona pametulia, nashukuru. Siku moja nikachomoa flashi ili niikague, nikakuta nakala ya mwisho ni ya siku nne nyuma. Flashi ilikuwa imejaa. Nilipoisoma logi bila kuchuja, malalamiko yalikuwepo kila usiku, yameandikwa waziwazi, lakini kwa daraja la info. Sababu ni kwamba huduma ikitoa maneno yake kwenye skrini tu, systemd huyapokea yote kama info, hata yale yanayopitia njia ya makosa, isipokuwa umeiambia vingine. Na skripti yangu ilikuwa ikishindwa kunakili, inaendelea hadi mwisho na kufunga kama iliyofaulu, kwa hiyo hata systemd yenyewe haikuwa na la kulalamikia.

Dawa yake ni nyepesi. Mstari wa kosa nikauanzisha na <3>, alama ambayo systemd inaielewa kuwa ni err, na nikailazimisha skripti itoke na namba ya kushindwa pale kunakili kunapogoma. Usiku uliofuata nikaijaribu kwa makusudi na flashi iliyojaa, na asubuhi mstari mwekundu ukanisubiri.

Jambo jengine kwa wenzangu wa huku ambako umeme haukai: angalieni kama saraka ya /var/log/journal ipo. Kwenye mipangilio ya kawaida, isipokuwepo, logi hukaa kwenye memori, na mashine ikizimika ghafla ushahidi wote unapotea. Utachuja vizuri sana, lakini utachuja yaliyotokea baada ya kuwaka tu.

Ninaisifu journalctl kwa dhati. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na rangi zake zinasaidia jicho: nyekundu kwa err na zaidi, njano kwa warning. Siku hizi nachuja kwa warning, sio err, kabla duka halijafunguliwa: journalctl -p warning --since yesterday. Leo ilitoa mistari miwili, yote ya printa.