Traka za mwili mzima za VR: ukiwa Tanga, anza na ipi?

Miwani ya VR (uhalisia pepe) peke yake inajua sehemu tatu tu za mwili wako: kichwa na mikono miwili iliyoshika rimoti. Kiuno na miguu inabahatisha. Ndiyo maana ukiingia VRChat, ule mchezo wa kukutana na watu ndani ya VR, ukajitazama kwenye kioo cha humo ndani, unajiona umekakamaa kama mlinzi wa benki, na ukikaa sakafuni magoti yanakunjikia pasipo na kiungo. Traka ni kidude unachofunga kiunoni na miguuni ili kompyuta iache kubahatisha.

Mimi ni fundi simu, Ngamiani. Chumba ninachofungulia simu za watu mchana, ikifika saa tatu usiku nasukuma meza ukutani, nawasha kompyuta, na vijana wawili watatu wa mtaani wanakuja kucheza. Sijazipanga traka hizi kwa usahihi wa vipimo, maana kwa kipimo hicho jibu linajulikana na mwongozo ungeishia hapa. Nimezipanga kwa maisha ya huku: chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, umeme unaoweza kukatika katikati ya wimbo, jasho la kaskazi, na mzigo ambao lazima upite forodhani ndipo uuone.

Kabla hujatoa hata shilingi

Una simu ya Android iliyokaa droo? Kuna programu inaitwa owoTrack inayoigeuza simu kuwa traka ya kiuno. Unaichomeka kwenye mkanda wa suruali, inatuma mzunguko wa kiuno kwa Wi-Fi hadi kwenye kompyuta. Sharti ni moja: simu iwe na jairoskopu, yaani kihisi kinachopima mzunguko. Hapa wengi wanakwama, kwa sababu simu nyingi za bei ya chini zina kile kihisi cha kugeuza skrini tu, jairoskopu hazina. Kijana mmoja aliniletea tatu kwenye mfuko wa rambo, zote zikagoma. "Kaka, si zote zinageuza skrini?" Zinageuza, ndiyo, ila hazijui umejizungusha kiasi gani. Pakua programu yoyote ya kupima vihisi, utaona orodha, usipoteze jioni nzima.

Ukivaa simu hiyo wiki moja utajua kama kweli unataka mwili mzima au ulivutiwa na video ya mtu.

Namba 1: SlimeVR, ya kununua au ya kuunda mwenyewe

Hii ni mradi wa chanzo huria uliouzwa kwanza kwa uchangishaji mtandaoni mwaka 2021. Kila traka ina jairoskopu na kihisi cha mchapuko (kile cha kugeuza skrini), bodi ndogo ya Wi-Fi, na betri. Haina kamera, haina leza, haihitaji kitu chochote kutundikwa ukutani. Umeme ukikatika, traka zinaendelea; kinachokufa ni kompyuta na ruta, na vyote viwili unaweza kuvipa UPS.

Ila elewa inavyofanya kazi, usije ukailaumu bure. Traka hizi hazijui ziko wapi chumbani. Zinajua zimeinama vipi na zimegeukia wapi, basi. Programu ya seva inachukua urefu wa mifupa yako uliouingiza, inaanzia kichwani kwenye miwani, inashuka mfupa kwa mfupa hadi kwenye nyayo. Ukidanganya urefu wa paja, mguu utaelea au utazama sakafuni. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kweli.

Seti ya chini ni traka tano: kifua, mapaja mawili, vifundo viwili. Kwa mtu wa kuongea na kutembea zinatosha. Kwa mtu wa Tanga naongeza ya sita, ya kiuno, na sijadiliani. Ukiwa na ya kifua tu, mgongo mzima hadi nyonga unahesabika kama kipande kimoja, kifua kikienda na kiuno kimeenda. Aliyewahi kusimama kwenye ngoma ya baikoko anajua kwamba huko ndiko kuua kila kitu. Kifua kinatulia, kiuno ndicho kinachosema. Bila traka ya sita, hicho hakionekani.

Ugonjwa wake mkubwa ni kuteleza. Kihisi cha mchapuko kinajua chini ni wapi kwa sababu ya mvutano wa dunia, hivyo kuinama kunasahihishwa. Kugeuka kushoto na kulia hakuna wa kukusahihisha, na kosa dogo la jairoskopu linajumlishwa dakika hadi dakika. Unaanza kucheza umenyooka, baadaye goti moja linaangalia Pangani na lingine Horohoro. Dawa ni kusimama wima, kugonga traka ya kifuani mara mbili, zinajipanga upya. Utagonga kila baada ya dakika ngapi inategemea kihisi: MPU-6050 ya bei chee itakuchosha haraka, BNO085 inavumilia, na ICM-45686 ni miongoni mwa zile ninazompa mtu bila wasiwasi. Usifikirie kutegemea dira ya sumaku nyumbani: nondo za kwenye zege na grili za madirisha zinaivuruga.

Nilichojifunza kwa tabu ni joto. Jairoskopu inabadilika tabia ikipata moto, na hapa ikigusa mwili tu imeshapata moto. Ziwashe, ziache mezani zitulie dakika chache kabla ya kufunga. Na meza hiyo isiwe ile yenye feni. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na paja la kushoto linalozunguka lenyewe, nikabadilisha kihisi, nikabadilisha waya. Kumbe traka ile nilikuwa naiweka kando ya feni kila siku, inajipima huku meza inatetemeka.

Ukiwa na mkono wa kulehemu, unda. Bodi ya Wi-Fi ya ESP8266 aina ya D1 Mini, moduli ya chaji ya TP4056 yenye kinga ya betri, kihisi, swichi, na betri ya lithiamu ya volti 3.7. Ya mAh 800 inakupeleka jioni nzima. Betri ndiyo kichwa cha kuuma: zinazosafirishwa peke yake kwa ndege zina masharti, na wasafirishaji wengi hawazitaki. Mimi natafuta hapa hapa nchini. Tafadhali, usivae pajani betri iliyochomolewa kwenye laptop mbovu bila kinga. Nimeona betri za simu zikivimba mezani kwangu, sitaki kuona moja kwenye mguu wa mtu.

Kuhusu bando, swali ninaloulizwa kila siku: traka hazili bando. Zinaongea na kompyuta ndani ya ruta yako. Bando linaliwa na VRChat yenyewe. Jua tu kwamba ESP8266 inatumia masafa ya GHz 2.4 pekee, kwa hiyo miwani yako ya Quest ihamishie GHz 5, zisigombanie njia. Na kama huna kompyuta ya gemu, laptop ya kawaida inatosha kuendesha seva, kisha inazituma data kwa njia ya OSC (mfumo wa programu kutumiana data) hadi VRChat iliyo ndani ya Quest.

Namba 2: Vive Tracker 3.0 na vituo vya leza

Kwa usahihi hakuna hapa inayoigusa. Ilitoka 2021, gramu 75, chaji hadi saa saba na nusu. Kituo kilichotundikwa pembeni mwa chumba kina mota inayozungusha leza ya infraredi; leza ikipita juu ya traka, vihisi vya mwanga vinapokea, na kwa kuhesabu muda traka inajua iko wapi hasa. Haitelezi. Unaweza kulala, kupiga sarakasi, kuinua mguu juu ya meza, unakuwa pale pale.

Sasa hesabu. Traka moja ilitoka kwa dola 130 kasoro senti. Tatu ni 390. Kituo cha toleo la 2.0 kampuni ya Valve walikiuza dola 149, na unahitaji viwili: 298. Hapo ni dola 688, bado nauli, bado ushuru, bado VAT ya asilimia 18. Na kila traka inataka kipokezi chake cha USB. Mwenye Quest ana kazi ya ziada ya kuzioanisha dunia mbili zisizojuana, ya miwani na ya leza, kwa programu ya OpenVR Space Calibrator.

Halafu chumba. Vituo vinakaa juu ya kichwa, zaidi ya mita mbili, kwenye pembe zinazotazamana, kila kimoja na soketi yake. Kwenye nyumba ya kupanga, mwenye nyumba atakuuliza unatoboa ukuta kwa ruhusa ya nani. Kioo cha dresing tebo kinarudisha leza na kuichanganya traka. Mimi nakifunika khanga kila usiku, na vigae vinavyong'aa navyo si rafiki. Umeme ukikatika vituo vinazima, na traka zako zenye chaji kamili zinakuwa mapambo.

Una chumba chako, ukuta wako, na unacheza dansi kwa nia? Ipandishe namba moja, sitabisha.

Namba 3: Pico Motion Tracker

Ndogo, gramu 27, chaji saa 25, zinafungwa kwenye vifundo na zinashirikiana na miwani. Nyepesi kufunga mguuni. Kasoro ni kwamba ni za miwani ya Pico. Ukiwa tayari na Pico 4 au 4 Ultra, nunua, ruka yote niliyosema juu. Ukiwa na Quest, ungana nami kuzitazama kwa mbali.

Namba 4: Vive Ultimate Tracker

Kila traka ina kamera mbili na inajitafutia mahali kwa kuangalia chumba, hakuna vituo. Iliingia sokoni mwishoni mwa 2023 kwa dola 199 moja. Kwenye karatasi ndiyo jibu la nyumba ya kupanga. Lakini kamera inataka mwanga, na inataka ukuta wenye vitu vya kushika jicho. Chumba cheupe kitupu na balbu moja dhaifu kinaipoteza. Halafu, nani huku anacheza usiku na joto hili akiwa na jinzi? Tunavaa misuli. Msuli ukifunika kamera ya kiuno, kiuno kimepotea. Traka ya SlimeVR unaivaa chini ya msuli na hakuna anayejua.

Namba 5: Sony mocopi

Vihisi sita kama vifungo vya koti, gramu nane kila kimoja, vinavyoongea na simu kwa Bluetooth. Vilitoka Japani Januari 2023 kwa yeni 49,500. Vizuri kwa kutengeneza video za katuni kwa simu. Kwa kucheza VR, navyo huteleza kama SlimeVR, vina bei kubwa zaidi, na kikiharibika kimoja hakuna cha kulehemu.

Namba 6: Kinect

Ile kamera ya Xbox. Ya 360 ilitoka 2010, ya Xbox One 2013, na utengenezaji ulikoma 2017, kwa hiyo zote ni mtumba. Programu ya bure ya Amethyst inaitumia kama traka, huvai kitu mwilini. Shida ni lazima uitazame: ukigeuka mgongo inachanganya mguu wa kulia na kushoto, na jua la saa tisa likiingia dirishani inapofuka. Uliza pia kuhusu adapta ya umeme na USB, maana kamera bila adapta ni kopo. Ukiipata kwa bei ya kiti cha plastiki, chukua ya kujifunzia.

Mikanda, na mtumba

Mikanda inayokuja na traka karibu zote imetengenezwa kwa watu wa baridi. Jasho likishuka, ya paja inateleza hadi gotini katikati ya wimbo. Nilimpelekea mama mmoja fundi cherehani lastiki pana ya sentimita tano, nikamwomba ashonee velkro, ile ya viatu vya watoto, na mistari miwili ya gundi ya silikoni upande wa ndani ili ishike ngozi. Akanitazama. "Mwanangu, umepata ngiri?" Nilimweleza, hakuelewa, lakini mikanda aliishona vizuri na bado ninayo. Fua mara kwa mara. Chumvi ya jasho inaua lastiki.

Kuhusu mtumba, nililipia vituo viwili vya leza kwa muuzaji wa mtandaoni, picha safi, ameandika "vimejaribiwa". Kimoja kiliwaka taa nyekundu tangu siku ya kwanza, mota haizunguki. Simu yake haikupokelewa tena. Siku hizi sitoi hela kabla kituo hakijachomekwa mbele yangu: nakiweka mezani kitulie, nasubiri mota ianze, nasikiliza mlio mwembamba wa mzunguko ulio sawa, na nangoja taa ya kijani. Kikikwaruza, nakirudisha kwenye boksi lake.