Jenereta ya nyumbani: ipi inakutosha, ipi uiache dukani

Muuzaji atakuuliza nyumba yako ina vyumba vingapi. Usihangaike kumjibu, maana vyumba havili umeme. Ukubwa wa jenereta unaamuliwa zaidi na kifaa kimoja: kile chenye mota kubwa kuliko vyote, hasa pale kinapoamka.

Isikilize friji yako usiku. Inalia "tak", inaguna, taa inafifia kidogo kisha inarudi. Friji hiyo ikishatulia inakula kama wati 150, lakini wakati ule wa kuguna inaweza kuvuta hata wati 1,000. Pampu ya maji na kiyoyozi vina tabia hiyohiyo: mwanzo wake ni mara tatu ya ulaji wa kawaida, wakati mwingine zaidi. Balbu, televisheni na chaja za simu hazina makuu hayo.

Sasa piga hesabu. Balbu nane za wati 9 ni 72. Televisheni 80, ruta 10, laptopu 65, simu tatu 30, feni mbili 120, friji 150. Jumla wati 527. Friji ikiamka vitu vingine vyote vikiwa vimewashwa, utafika karibu wati 1,400. Jenereta ya kilowati 2 inabeba mzigo huo bila jasho.

Ongeza pampu ya nusu HP (nguvu za farasi, kipimo cha mota), ambayo mwanzo wake ni kama wati 1,650, na unapita 2,100. Weka ya HP 1 na unakaribia 3,900. Yaani pampu peke yake inaweza kukulazimisha ununue mashine ya ukubwa mara mbili. Mimi nilijifunza hili vibaya: mashine yangu ya kwanza ilikuwa inazima kila pampu ilipowaka, na kwa wiki nzima nikawa nalaumu plagi ya injini. Siku nilipochomoa friji kwanza, nikawasha pampu, halafu nikairudisha friji, ugonjwa ukaisha. Ujanja huo wa kuwasha kimoja baada ya kingine, kizito kwanza, hukupunguzia kilowati usiyohitaji kuinunua.

Pasi na birika la umeme hazina kishindo cha mwanzo, ila birika moja linaweza kula wati 2,000 peke yake. Kwenye hesabu yangu huviweka nje. Shati lenye mikunjo halijamuua mtu.

Ukifika dukani, soma kibati kilichopigwa kwenye mashine yenyewe, siyo maandishi makubwa ya kwenye boksi. Boksi hupenda kutaja nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine huistahimili kwa muda mfupi. Unayoitaka ni ile ya kudumu. Ukiona kVA, ulizia kilowati zake, kwa kuwa mara nyingi ni pungufu: kVA 5 kwa kipimo cha 0.8 (sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) ni kilowati 4. Kisha acha kama moja ya tano bila kuigusa. Mnaokaa milimani, acheni zaidi, kwa sababu hewa nyepesi huinyima injini nguvu, takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda.

Kwa nyumba nyingi, namba moja kwangu ni ya petroli yenye kilowati 2.5 hadi 3 za kudumu. Inabeba friji, taa, burudani na pampu ndogo, na watu wawili wanaibeba wenyewe. Namba mbili ni jenereta ya inveta (yenye bodi ya kielektroniki inayosawazisha umeme), kilowati 2 hivi, kwa asiye na pampu. Haina kelele nyingi, umeme wake ni safi kwa kompyuta, na injini hupunguza mwendo mzigo ukipungua, hivyo inabana mafuta. Kilichoiangusha hadi nafasi ya pili ni bei na matengenezo: bodi yake ikiungua, si kila fundi ataigusa.

Namba tatu, kilowati 5 hadi 6. Inunue tu kama una pampu ya HP 1 au kiyoyozi ambacho huwezi kukiacha. Kuiwasha kwa ajili ya balbu na simu ni kuchoma petroli bure. Dizeli kubwa naiweka ya nne: ni imara, lakini ikifanya kazi muda mrefu na mzigo mdogo, mafuta hayaungui vizuri na masizi hujaa kwenye mfumo wa moshi. Inamfaa anayekatikiwa umeme saa nyingi kila siku na mwenye mzigo wa kuilisha.

Ya mwisho ni ile ndogo ya kuchanganya petroli na oili, chini ya kilowati 1. Taa itawasha. Friji itakuaibisha.

Tenga pia hela ya swichi ya kubadilishia umeme, ifungwe na fundi. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kunarudisha umeme kwenye nguzo, na anaweza kuwapo fundi huko juu akidhani waya umekufa. Mashine ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirishani. Kwenye moshi wake kuna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe palepale, na nenda na birika lako. Lijaze maji, lichomeke. Injini itashtuka kidogo, kisha inapaswa kurudi kwenye mngurumo wake uleule. Ikiendelea kukohoa hadi maji yanachemka, chukua birika lako uondoke.