Viroidi au usanisi wa molekuli: uzamili uende wapi?

Swali hili halikauki midomoni mwa wanafunzi wa sayansi pale Makerere: nichunguze viroidi za mimea, au nifanye usanisi wa kemia unaochagua umbo la molekuli?

Tuanze na mfuko. Viroidi ni vimelea vidogo mno vya magonjwa ya mimea: RNA (molekuli ya urithi, ndugu ya DNA) tupu ya mviringo. Ile ya viazi, aliyoitambulisha mtaalamu wa magonjwa ya mimea Theodor Diener mwaka 1971, ina nyukleotidi (vijenzi vya RNA) 359 hivi. Mashine ya PCR (ya kunakili vinasaba ili vigundulike), kitalu kilichofungwa vizuri na miche ya nyanya vinatosha kuanzia, na mashamba ya viazi ya Kabale yanafikika kwa basi. Usanisi unadai zaidi: viyeyusho vikavu, gesi ya argoni, na safu (bomba maalumu la maabara) ya kutenganisha molekuli za mkono wa kulia na za kushoto, yaani zinazofanana kama kitu na taswira yake kiooni, ambayo bei yake inauma. Nafuu ipo, lakini. Prolini, asidi amino ya bei ndogo, ni kichocheo kizuri cha kupata mkono unaoutaka. Wanakemia Benjamin List na David MacMillan walipata Nobel ya 2021 kwa vichocheo vya jamii hiyo.

Kwa kasi ya majibu kemia inashinda. Mmenyuko ukigoma mara nyingi unajua jioni ile ile. Mche hukusubirisha wiki nzima nzima, na kisu kimoja kichafu huweza kusambaza viroidi kitaluni.

Utunzaji? Umeme ukikatika, friji ya RNA ndiyo itakayokuliza. Ila NMR, mashine ya sumaku ya kusoma umbo la molekuli, nayo hunywa heliamu kama ng'ombe wa kiangazi.

Msimamizi wako ana kitalu na unapenda shamba: viroidi. Unalenga viwanda vya dawa, na una mtu wa kukupimia sampuli: kemia.