Mafuta ya kumpaka mtoto hapa Mombasa: yapi ya kununua kwanza, yapi ya kuacha dukani

Mzazi akirudi na kitoto chake kutoka hospitali, hata uji wa pilipili manga haujapoa, wageni washaleta mifuko. Ndani mna poda, losheni, mafuta ya chupa, sabuni ya rangi ya waridi, na mara nyingine manukato ya mtoto. Nimezaa mara tatu, wote hapa hapa Kisauni, na kila arobaini ilipokwisha nilibaki na kabati lililojaa vitu ambavyo ngozi ya mwanangu haikuvihitaji. Haya nayaandika kwa ajili ya mama, baba au shangazi anayeteremka Marikiti au Biashara Street na pesa za kuhesabu, anataka kujua anunue nini na nini akiache.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka la juu kabisa la ngozi ya mtoto mchanga ni jembamba kuliko la mtu mzima kwa kama asilimia 30. Hupoteza maji upesi, na unachompaka hupenya upesi vile vile. Tena mwili wake ni mdogo lakini una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo kiganja kimoja cha losheni kwake si sawa na kiganja kimoja kwako. Akizaliwa, ngozi yake bado haina ule uchachu mdogo unaowazuia vijidudu. Huupata polepole katika wiki za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite tangu kuzaliwa, asije akapoteza joto. Na ule utando mweupe anaotoka nao tumboni, ambao wengine wetu hukimbilia kuusugua kwa sababu ya aibu ya wageni, ndio mafuta yake ya kwanza. Acheni ujikaukie wenyewe.

Sasa hari. Ushauri mwingi wa ngozi za watoto unatoka kwenye nchi za baridi, ambako hewa ni kavu na ngozi hupasuka. Sisi kaskazi ikiingia, joto linapita nyuzi 30, upepo umelala, na mtoto analowa jasho akiwa amelala tu. Matundu ya jasho yakiziba, jasho hubaki chini ya ngozi, na hapo ndipo harara inapotoka: vipele vidogo shingoni, kifuani, kwenye kipaji cha uso. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Februari. Bibi yake, kwa mapenzi aliyokuwa nayo, alimpaka mafuta mazito kuanzia utosini hadi nyayoni mara tatu kwa siku, kisha tukamvika kofia na sweta. Siku ya nne mgongo wote ulikuwa mwekundu, na mtoto halali. Muuguzi wa kliniki alimtazama, akamvua kofia, akatuambia tumwogeshe kwa maji ya vuguvugu, tumvike kitambaa chepesi cha pamba na tusimpake chochote. Baada ya siku tatu harara ilikuwa imenywea. Tangu siku ile kila kopo ninaloliona dukani naliuliza swali moja: je, hili linafaa kwa mtoto anayetoka jasho?

Kwa kipimo hicho, nambari moja kwangu ni mafuta ya mgando matupu, yale ambayo wengi wetu huyaita Vaseline hata kopo likiwa la kampuni nyingine. Najua nimetoka kusimulia jinsi mafuta mazito yalivyomtesa mwanangu. Kosa halikuwa la mafuta, lilikuwa la mahali yalipopakwa na kiasi chake. Mafuta ya mgando hayalishi ngozi kitu. Kazi yake ni kuwa ukuta, maji yasitoke na mkojo usiingie. Kwa hiyo hupakwa pale penye msuguano na unyevu wa nepi: makalioni, kinenani, na kwenye mikunjo ya mapaja baada ya kukaushwa vizuri. Kama magoti au vifundo vimekauka, unagusa kidogo. Mgongo na kifua wakati wa kaskazi uviache. Kusi likiingia, miezi ya Juni na Julai, unaweza kuongeza.

Unapoyanunua, soma nyuma ya kopo. Yawe na kitu kimoja tu, kilichoandikwa "petrolatum" au "petroleum jelly". Ukiona neno "parfum" au "fragrance", hata kama kopo lina picha ya mtoto anayecheka, lirudishe. Harufu ni miongoni mwa vitu vinavyowasha ngozi changa mara kwa mara. Yale ya kukamulia ng'ombe na yale yenye mentholi si ya mtoto mchanga. Kopo la mdomo mpana hutiwa vidole na nyumba nzima, na vidole huacha vijidudu, hivyo chukua kopo dogo au la kuminya, liwe la mtoto peke yake. Usinunue yanayopimwa kwenye mfuko usio na jina, hata muuzaji akiapa. Tafuta alama ya ubora ya KEBS pamoja na nambari ya kibali chini yake. Nambari hiyo unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe wa SM# ikifuatiwa na nambari yenyewe kwenda 20023. Bei usiitazame kwa kopo: gawanya kwa gramu, utaona mara nyingi kopo la kawaida la watu wazima lisilo na harufu na lile lenye neno "mtoto" vina kitu kile kile ndani.

Ya pili ni krimu ya zinki, kwa mtoto anayevaa pampasi. Hii usiinunue ukaiweka kwa wingi. Tyubu moja ndogo hudumu. Kwenye lebo tafuta "zinc oxide" na asilimia yake. Zile za chini, asilimia 10 hadi 15, zinatosha kwa wekundu wa kawaida. Zile za asilimia 40 ni za makalio yaliyochubuka, ambapo mtoto analia ukimgusa. Paka nene kama unavyopaka siagi kwenye mkate, na ukibadilisha nepi futa uchafu tu. Usiisugue krimu yote itoke, maana kule kusugua ndiko kunakozidisha kidonda. Kabla hujaenda kuinunua, jaribu dawa isiyo na bei: mlaze uchi juu ya leso kavu, karibu na dirisha, nusu saa mara mbili tatu kwa siku. Wakwe watalalamika kwamba atakojoa kitandani. Na akojoe.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Ukiona wekundu umeingia ndani kabisa ya mikunjo ya kinena, na pembeni yake pametapakaa vidoa vidogo vyekundu, hiyo ni fangasi, na zinki peke yake haitaiondoa. Mwonyeshe muuguzi au mfamasia. Kwa kawaida hupewa krimu ya klotrimazoli au nistatini.

Ya tatu ni mafuta ya nazi, na wapo watakaonilaumu kwa kutoyaweka kwanza, sisi watu wa pwani. Ningeyaweka kwanza kama ningekuwa na hakika ya kila chupa inayouzwa. Mafuta mazuri ni mepesi, hayabaki kama gundi juu ya ngozi, na karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo huwadhoofisha baadhi ya vijidudu. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa 2014, kwa watoto 117 wenye pumu ya ngozi (eczema), uliona mafuta ya nazi yamesaidia kuliko mafuta ya madini. Kwa kumkanda mtoto jioni kabla ya kuoga, sijui kinachoyashinda.

Tabu ni kuyapata. Ukiwa na mtu nyumbani wa kuyatengeneza, umebahatika: nazi ikunwe kwa mbuzi, tui likamuliwe kwa kifumbu, lichemshwe kwa moto mdogo mpaka maji yakauke kabisa na mashapo yageuke rangi ya kahawia. Maji yakibaki, mafuta huchacha, na yaliyochacha huwasha. Ukinunua, nusa kwanza; yanuke nazi, yasinuke kabati. Kisha yatie kwenye friji usiku mmoja. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24, ndiyo maana asubuhi za Julai chupa inaweza kuganda yenyewe mezani, na huo si ubovu. Lakini yakilala kwenye friji na yakaamka bado maji, si nazi tupu, na mimi simpaki mtoto kitu nisichokijua. Paka kwanza kidogo ndani ya mkono wake, ngoja mpaka kesho.

Losheni na krimu nyepesi nazipa nafasi ya nne. Zina maji mengi, na penye maji lazima patiwe vihifadhi, hivyo orodha ya viambato huwa ndefu. Mtoto ambaye ngozi yake ni kavu kwelikweli au ana pumu ya ngozi anaweza kuzihitaji, zisizo na harufu, kwa ushauri wa daktari. Ile inayoitwa "aqueous cream", ambayo kemisti wengi watakupa kwa sababu ni rahisi, isibaki kwenye ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi: ina sabuni kali ya kuchanganyia, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba yaweza kuchoma na kuwasha ngozi ya watoto wa aina hiyo. Mafuta ya maji ya mtoto, yale ya madini kwenye chupa angavu, yanafuata. Hayana ubaya mkubwa, ila mengi yametiwa harufu, na mtoto aliyepakwa huteleza mikononi beseni likiwa mbele yako.

Mafuta ya zeituni nayaheshimu kama kila mtu, na nyumbani kwetu hayakosekani. Lakini kwa ngozi ya mtoto mchanga nayaweka chini. Yana asidi oleiki kwa wingi, na asidi hiyo huulegeza ukuta wa ngozi. Watafiti wa Uingereza walionyesha hivyo mwaka 2013 kwa ngozi za watu wazima, wakati mafuta ya alizeti hayakuleta dhara hilo. Ya haradali ni makali zaidi. Mama ayale ya zeituni kwenye saladi, mtoto asipakwe.

Poda ndiyo ya mwisho, na hii nasema kwa uchungu kwa sababu ndiyo zawadi inayoletwa kuliko zote. Tunaipenda kwa harufu na kwa ile shingo nyeupe ya mtoto aliyeogeshwa. Ila vumbi lake huingia mapafuni, na madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakiikataza kwa sababu hiyo. Juu ya hayo, Julai 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka talki, ule unga wa jiwe unaotengenezewa poda nyingi, katika kundi la vitu vinavyowezekana sana kusababisha saratani kwa binadamu. Johnson & Johnson wenyewe walikuwa wameacha kuuza poda ya mtoto yenye talki duniani kote 2023, wakahamia wanga wa mahindi. Huo wa mahindi nao ni vumbi, na ukichanganyika na jasho la Mombasa hugeuka uji katika mikunjo ya shingo. Shingo ya mtoto inataka kukaushwa kwa kitambaa laini, basi.

Pesa ulizookoa kwenye poda, zipeleke kwenye maji. Mitaa yetu mingi hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni haitoi povu ndani yake, kwa hiyo mtu huongeza sabuni, na sabuni hubaki kwenye ngozi na kwenye nepi za kitambaa. Nunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa ajili ya kumsuuzia mtoto mwisho wa kuoga na kwa suuzo la mwisho la nepi. Niliona tofauti kwa mtoto wa pili ndani ya wiki moja. Dawa za kuua vijidudu usizitie kwenye beseni. Na nguo alizorithi kwa kaka yake, zikiwa zimehifadhiwa na vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia nondo, usimvike mtoto mchanga: huku pwani wako watoto wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na naftalini huwavunjia chembe za damu wakapata manjano kali.

Kipo kimoja ambacho sikukipa nafasi kabisa. Ni zile krimu za tyubu ndogo ambazo jirani husema "hii humaliza kila kipele". Ukisoma utakuta "betamethasone" au "clobetasol". Hizo ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho. Chini ya pampasi hupenya zaidi, hupunguza unene wa ngozi iliyo nyembamba tayari, na huingia katika damu ya mtoto. Kipele kitapotea siku mbili, kisha kitarudi kikali. Bila daktari kuandika, usinunue.

Na kama ngozi ya mtoto wa chini ya miezi miwili imetoa malengelenge au usaha, au kitovu kimezungukwa na wekundu, au ana homa, au amekuwa mnyong'onyevu hataki kunyonya, usipite dukani. Mfunge leso, nenda Coast General au kituo cha afya kilicho karibu nawe, hata kama ni saa nane za usiku.