Kunyanyua plau la kukalia: kwa mkono au kwa mguu?
Plau letu la maksai hapa Arusha halina shida: unakandamiza vishikio, ncha inachomoka ardhini. Yale ya farasi ya Marekani, yenye kiti na magurudumu, yalihitaji wenzo, yaani mpini wa kunyanyulia plau, wa mkono au wa mguu. Fundi anayetaka kutuundia la namna hiyo lazima achague.

Wenzo wa mkono ni rahisi kuchomelea. Una meno, hivyo unapanga kina jino kwa jino na plau linabaki hapo. Ubaya wake mkubwa: mkono mmoja unaacha kamba za kuongozea wanyama wakati uleule wanyama wanapogeuka mwisho wa shamba.

Wenzo wa mguu unaiacha mikono yote miwili huru. Lakini uzito wa plau si mchezo, kwa hiyo springi nzito lazima isaidie kuubeba, nayo inataka kurekebishwa vizuri.

Kwa farasi wenye haraka ningechagua mguu. Kwa maksai wanaotembea taratibu, tena kijana akiwaongoza mbele, mkono unatosha kabisa. Ila linyanyue plau wakati wanyama bado wanatembea. Ncha ikishaelekea juu, mwendo wao unalitoa plau udongoni.