Kutuma miksa na spika mikoani kutoka Dar: mkabidhi nani mzigo wako?

Ukishanunua miksa (mashine ya kuchanganya sauti) Kariakoo kwa ajili ya mtu aliyeko Mbeya, utakimbilia kuuliza nauli ya mzigo. Uliza kwanza mzigo utashikwa na mikono mingapi njiani. Kila unaposhushwa na kupakiwa upya unaingia kwa mtu mwingine asiyejua kilichomo, na vyombo vya muziki huumia zaidi kwa kubwagwa kuliko kwa matuta. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho.

1. Basi la moja kwa moja. Kwa miksa, amplifaya na spika za wastani, hili ndilo chaguo langu. Mzigo unapakiwa mara moja Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kushushwa mara moja huko uendako. Upeleke mwenyewe, mapema, buti likiwa bado tupu. Simama uone unawekwa wapi: sakafuni, umebanwa pembeni, usikae chini ya magunia wala karibu na ndoo zinazovuja. Chukua namba ya gari na simu ya kondakta, umtumie mpokeaji.

Lakini hakikisha haufaulishwi njiani. Niliwahi kutuma miksa ya kwaya moja Tukuyu, ikafaulishwa Mbeya. Boksi lilifika zima, halina hata mkunjo. Ndani, vitelezi vinne, vile vya kupandisha na kushusha sauti, vimepinda. Kampuni ikanionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti: mzigo ni kwa dhamana ya mwenyewe. Wanakwaya walichanga miezi mingi kupata chombo kile, na mpaka leo linaniuma.

2. Ndege. Kwa Mwanza, Bukoba au Kigoma, kama kifaa ni cha thamani, lipa. Jihadhari na ukubwa wa boksi, kwa sababu wanatoza kwa nafasi pia: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha kwa kawaida gawanya kwa 6,000. Boksi la 60 × 50 × 50 linahesabiwa kilo 25 hata kama spika ina kilo 14. Ukituma nje ya nchi kwa DHL wanagawanya kwa 5,000, kwa hiyo boksi hilohilo linakuwa kilo 30. Maiki zisizo na waya na spika za kuchaji zina betri za lithiamu. Zitaje kaunta, usizifiche.

3. EMS, huduma ya vifurushi vya haraka ya Posta. Nzuri kwa vitu vidogo: maiki, hedifoni, kadi ya sauti. Unapewa namba ya kufuatilia, na Posta inafika wilayani ambako basi la moja kwa moja halipo. Ila kifurushi kinapita kwenye vituo vya kuchambulia, kwa hiyo amplifaya nzito nisingeipeleka huko.

4. Fuso. Ni kwa masabufa makubwa yaliyo ndani ya makasha ya mbao tu. Bei yake inavutia, lakini mzigo wako utalala chini ya mizigo ya watu usiowajua.

Zanzibar sijaiweka kwenye orodha. Boti inachukua kama saa mbili. Mtafute mtu wako avuke na mzigo.

Hata hivyo, usafiri mzuri hauokoi ufungaji mbovu. Boksi la kiwandani usilitupe. Kama halipo, tumia boksi ndani ya boksi, na kati yake sentimita 5 za sponji kila upande. Mafundi sofa wa Keko wana vipande vingi. Usiache kitu chochote kielee ndani. Tikisa: ukisikia mlio, fungua uanze upya. Kwa pleya ya santuri, ng'oa sahani inayozunguka na uzito wa nyuma ya mkono wa sindano, uvifunge peke yake, kisha ufunge mkono usicheze. Amplifaya ya mirija ya kioo, toa mirija kama inatoka.

Kwa kampuni yoyote ya vifurushi, uliza kama ina leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), na soma masharti ya fidia kabla ya kulipa. Risiti iandikwe "miksa" na thamani yake, isiandikwe "boksi 1". Piga picha namba ya kifaa na kila hatua ya kufunga, na mwambie mpokeaji afungue palepale ofisini, akirekodi kwa simu, kabla hajaweka sahihi.