Darasa la kuogelea la Himbi: thamani ya kocha anayepima

Darasa la kuogelea la watu wazima linaloendeshwa Jumamosi asubuhi katika pisini ya hoteli moja ya mtaa wa Himbi, hapa Goma, linatoza dola 5 kwa somo moja. Kwa mwanafunzi wa chuo bei hiyo si ndogo, lakini ni ya haki, na sababu yake ni kocha. Masomo mengi ya kuogelea yanayotolewa kando ya Ziwa Kivu ni kelele tupu za kumhimiza mtu apige mikono na miguu mpaka achoke au aogope, ilhali kocha huyu hupima, huonyesha alichokipima, kisha hueleza kwa nini mwili unazama au unaelea.

Yeye mwenyewe hafichi alikochota elimu yake. Kila anayejiandikisha husimuliwa kwanza, kabla hata ya kugusa maji, habari za James Counsilman, Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Doc, ambaye alifundisha timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Indiana, mjini Bloomington, kuanzia 1957 hadi 1990. Simulizi hiyo ni ndefu kwa mtu aliyelipa ili ajifunze kuelea, na baadhi ya wanafunzi huanza kutazama simu zao. Mimi nashauri isikilizwe, kwa kuwa karibu kila zoezi linalofuata limetoka humo.

Counsilman alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita Vikuu vya Pili, akasomea elimu ya viungo mpaka shahada ya udaktari, na kwa hiyo alilitazama bwawa kama maabara. Matokeo yake yanajulikana. Indiana ilitwaa ubingwa wa Big Ten, kundi la vyuo vikuu vya eneo lile, mara 20 mfululizo kuanzia 1961 hadi 1980, na ubingwa wa taifa wa vyuo mara 6 mfululizo kuanzia 1968 hadi 1973. Ubingwa huo huhesabiwa kwa pointi za waogeleaji pamoja na za warukaji wa ubaoni, na hapo mchango wa Hobie Billingsley, kocha wa warukaji hao, hausemwi vya kutosha, hata katika simulizi ya kocha wetu. Hesabu ya vikombe ingeweza kuwa kubwa zaidi. Mwaka 1960 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliiadhibu Indiana kwa makosa ya kusajili wachezaji wa futiboli ya Kimarekani, na kwa miaka minne timu zote za chuo hicho zilizuiwa kushindania ubingwa wa taifa, waogeleaji wakiwemo, ingawa kosa halikuwa lao. Chet Jastremski, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 100 za mtindo wa chura zaidi ya mara moja mwaka 1961, alikuwa miongoni mwa waliofungiwa mlango huo. Kwa maoni yangu miaka hiyo minne inamweleza Counsilman vizuri kuliko vikombe, kwa sababu aliendelea kutengeneza waogeleaji bora wa dunia bila kuwa na fainali ya taifa ya kuwaahidi.

Baadaye ndipo alipokuja Mark Spitz, aliyeogelea Indiana kisha akashinda medali 7 za dhahabu mjini Munich mwaka 1972, kila moja kwa rekodi ya dunia. Counsilman aliongoza timu ya wanaume ya Marekani katika Olimpiki za 1964 na 1976. Mjini Montreal, mwaka huo wa 1976, vijana wake walichukua dhahabu 12 kati ya 13, na ile moja iliyobaki, ya mita 200 za mtindo wa chura, ilikwenda kwa Mwingereza David Wilkie. Ni hapo pia Jim Montgomery, muogeleaji wa Indiana, alipokuwa mtu wa kwanza kumaliza mita 100 za mtindo huru chini ya sekunde 50, kwa muda wa 49.99.

Basi ni nini kati ya hayo kinachofika Himbi? Cha kwanza ni saa. Counsilman anatajwa kuwa miongoni mwa walioeneza matumizi ya saa kubwa yenye mkono wa sekunde kando ya bwawa, ili muogeleaji ajisomee muda wake bila kumsubiri kocha. Kocha wetu ameegesha saa ya kawaida ya ukutani juu ya kiti cha plastiki, na inatosha kabisa. Mwanafunzi huogelea urefu wa pisini, hupumzika kwa sekunde alizopangiwa, huondoka tena mkono ukifika alama yake, na baada ya wiki chache muda wa kupumzika hupunguzwa. Mazoezi hayo ya vipande vifupi yanafaa sana mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako mgeni wa maji huishiwa pumzi upesi na kudhani kwamba hana nguvu, kumbe hajapangiwa mapumziko.

Cha pili ni picha. Counsilman alipiga filamu chini ya maji ili aone mkono unafanya nini hasa, badala ya kuamini muogeleaji anachodhani anafanya. Huku Himbi kazi hiyo hufanywa kwa simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kila mwanafunzi huonyeshwa video yake papo hapo. Mama mmoja wa darasa letu aliyekuwa akisisitiza kwamba miguu yake imenyooka alijiona magoti yakiwa yamekunjwa kabisa, akacheka, na somo lililofuata nyonga zake zilikuwa juu ya maji. Hakuna maelezo ya mdomo ambayo yangefanya kazi hiyo haraka hivyo.

Hata hivyo, pamoja na elimu hiyo kocha amerithi pia kosa lake. Counsilman alifundisha kwamba mkono unaposukuma maji kwa njia ya kupinda kama herufi S hupata msukumo kama ule wa bawa la ndege. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu hutokana na kuyasukuma maji nyuma moja kwa moja, na makocha wengi leo hutaka kiwiko kiwe juu na mkono upite karibu na mstari ulionyooka. Himbi bado wanachora S, tena kubwa, na anayeanza hupoteza nguvu pembeni. Kocha anayejivunia sayansi angepaswa kulirekebisha jambo hili.

Sehemu ninayoisifu kuliko zote haikutoka Indiana. Somo la mwisho hufanyika ziwani, na kabla yake kuna maelezo ya kina kuhusu mazuku, gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, ikiwemo kandokando ya ziwa kuanzia Himbi na Kyeshero kuelekea Bulengo. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hulala chini alfajiri wakati hakuna upepo, na kichwa cha muogeleaji kiko usawa wa maji, mahali pale pale inapolala. Kwa hiyo hakuna anayeshuka ziwani kabla jua halijapanda na upepo haujaanza, wala anayeingia peke yake. Wengi darasani walijiandikisha baada ya boti ya Merdi, iliyotoka Minova, kuzama karibu na bandari ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024 na kuua makumi ya watu, na wao hawatafuti medali. Wanataka kuelea mpaka msaada ufike. Zoezi la kuelea chali ukiwa umevaa nguo na viatu, ambalo hurudiwa mpaka linachosha, ni kwa ajili yao.

Kasoro nyingine ni za hoteli zaidi kuliko za kocha: chumba cha kubadilishia nguo ni kimoja, kwa hiyo wanawake na wanaume hupeana zamu, na majaketi ya kuokolea ya siku ya ziwani hayatoshi watu wote. Uliza idadi yake kabla ya kulipia somo hilo, na ukiweza nenda na lako.

Mwenye umri mkubwa asiogope kujiandikisha. Darasani yupo Papa mmoja aliyestaafu, na kocha hupenda kumkumbusha kwamba Counsilman alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa kuogelea mwaka 1979, akiwa na miaka 58. Malipo hufanywa somo kwa somo, na nafasi za saa mbili asubuhi hujaa mapema kuliko zile za saa nne.